Nja ya Chifu

Harufu ya maharagwe yanapopurwa hunirudisha nyumbani kwa babu, karibu na Kianjai: vumbi la maganda makavu limekwama kooni, na shangazi zangu wanapiga fimbo kwa zamu. Sisi Wameru hatukuwa na wafalme. Tulikuwa na machifu waliosimikwa na Mzungu, na babu, aliyekufa muda mfupi baada ya uhuru, alikuwa mmoja wao. Watu waliliita boma lake ikulu, nusu kwa heshima, nusu kwa dhihaka. Ikulu yenyewe ilikuwa nyumba nne za mabati, kila mke na yake, zote zikielekeza milango kwenye uwanja mmoja wa udongo. Kwa Kimeru uwanja huo ni nja. Baadaye nilisoma kwamba majumba ya wafalme hujengwa vivyo hivyo, ili mtawala awaone watu wake nao wamwone. Enzi za babu washtakiwa walisimama humo juani wakingoja hukumu. Alipokufa, wanawake waliufanya uwanja wao: wakaanika, wakapura, wakasukana nywele, wakagombana na kupatana mbele ya kila mtu.

Msimu mmoja wa mavuno, baba na ndugu zake walimleta savea awagawie shamba. Nyanya, mke pekee wa babu aliyekuwa bado hai, hakupinga kugawa. Alitaka nja tu ibaki nzima. Savea alikuwa mgeni asiyejua Kimeru, na Kiswahili cha nyanya kilikuwa cha sokoni.

"Kijana, kata shamba yote," alimwambia. "Lakini hii nja, wacha. Hii nja ni ya sisi wote."

Savea akamhurumia. "Pole, nyanya. Hiyo njaa itaisha. Serikali italeta mahindi."

Magunia ya maharagwe yalikuwa mbele yake. Wanaume waliangua kicheko, baba yangu pia, na hakuna aliyemweleza mgeni, kwa sababu kutoelewa kwake kuliwafaa. Nyanya alipaza sauti, "Si njaa! Nja!" na kadiri alivyorudia ndivyo walivyozidi kucheka, mpaka akaketi juu ya gunia. Kufikia jioni jiwe la mpaka lilikuwa limesimikwa katikati ya uwanja. Niliwachukia siku hiyo. Sasa nimechoka hata kuwachukia.

Leo kila nyumba imegeuza mlango wake kuelekea barabarani, na ua wa michongoma umepita tulipokuwa tukipura. Tumeendelea, sikatai, kila mtu ana hati yake na choo chake. Lakini nyanya alipofariki, hema la matanga lilienea nusu tu, nusu ya waombolezaji wakasimama upande wa pili wa ua. Jeneza lilipitishwa juu ya michongoma, na wabebaji wakachomwa miiba mikononi. Mchungaji alitusihi tusogee karibu, tumwage machozi pamoja kama familia moja. Tulitazamana. Hapakuwa na pa kusogea.