Mkono wa Kushoto wa Bibi wa Kichina

Kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kumfunga yule bibi wa Kichina kucha za bandia, kwa plasta, kwenye vidole vya mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa umekufa. Kiharusi. Niliajiriwa kumwogesha na kumpikia uji, kule Pearland, pembeni ya Houston, na binti yangu alinung'unika wee, ooh mama, si u-relax tu nyumbani, watu watasema nakutumikisha. Nita-relax na nani? Wajukuu wakitoka shule wananijibu Kiingereza, halafu wanafunga milango. Shule niliishia darasa la nne, lakini kukaa bure sikufundishwa.

Basi. Ala yake wanaiita guzheng, ubao mrefu kama jeneza la mtoto, nyuzi zimetandazwa juu. Mkono wa kulia unadonoa kwa zile kucha, wa kushoto unabonyeza uzi mpaka sauti ivimbe, itetemeke, ilie. Bila wa kushoto ni kama matangazo ya vifo redioni: habari unaipata, kilio hukipati.

Siku moja alinishika kidole akakiweka kwenye uzi. Akadonoa, nikabonyeza. Hapana, akasema. Tena. Ikawa ndiyo kazi yetu kila nikishaosha vyombo, mpaka vidole vyangu vikaota sugu. Kiingereza chake kibovu, changu kibovu zaidi, tukaelewana vizuri tu. Wimbo alioupenda ulikuwa wa mwanamke anayemngoja mume aliyevuka mto. Mimi nikawa nabonyeza taratibu, kwa huruma. Akanisimamisha.

"Huyu hangoji tena. Amekasirika."

Nikabonyeza kwa nguvu. Alicheka mpaka nikamfuta mate.

"Hiyo hasira ya nani?"

"Ya mawifi zangu."

"Wabakishe," akasema. "Wapunguze kidogo."

Mwaka mpya wao ulipokaribia akaalikwa ukumbini, Houston, na wanafunzi wake wa zamani wa guzheng wangekuwepo. Akaniambia tutapiga pamoja. Nikashonesha gauni la kitenge cheusi kwa mama mmoja Mkongo, ambaye anakupima kiuno huku anakusengenya kwa Kifaransa, lakini mkono wake safi, nisimsingizie.

Siku yenyewe, tukiwa chumba cha nyuma, mwanawe wa kiume akaingia. Mtu mpole, hajawahi kunipandishia sauti. Akasema ukumbi umejaa watu wanaoujua muziki huu, kwa hiyo amemleta msichana kutoka Dallas aliyeusomea chuoni. Mimi nimalize kufunga kucha, kisha nikae nyuma na makoti.

Nilikuwa nimepiga magoti, plasta mkononi. Nikamtazama bibi.

"Mwambie mwanao," nikasema.

Alinisikia. Akaninyooshea kidole kilichofuata nikifunge.

Nikakaa na makoti mapajani. Nitasema kweli, nilimwomba Mungu yule msichana akosee. Hakukosea. Alipofika kwenye ile hasira aliipitisha vizuri kuliko nilivyowahi kuipitisha, na bibi akamgeukia akamtazama kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta. Mimi hakuwahi kunitazama hivyo. Tulipokuwa tunapiga macho yake yalikuwa kwenye vidole vyangu, yananilinda nisiharibu.

Watu wakasimama wakapiga makofi. Na mimi nikapiga. Ungefanyaje, na wote wamesimama?

Sasa msichana anakuja Jumamosi, anaendesha gari kutoka Dallas mpaka Pearland. Namfunga bibi kucha, nawawekea chai, wananisubiri nitoke. Binti yangu anasema niache, heshima yangu iko wapi. Heshima! Nikiacha, ule wimbo nitausikia wapi? Nyumbani kwetu kuna televisheni tu. Kwa hiyo nasimama jikoni, nafungua bomba kidogo, uzi mwembamba wa maji, wadhani naosha vyombo.