Kijiji Kisicho Chetu

Wiki iliyopita, nikiwa nyumbani kwangu mtaa wa Naseem hapa Riyadh, nilikitafuta kwenye simu kile kijiji cha Ufaransa, nikakipata bila taabu. Daraja la mawe lipo palepale. Mto unakizunguka kijiji upande wa kusini, kama mama alivyosema, na nyuma yake kuna jabali la kijivu linaloficha jua mapema. Nilipitisha kidole njia moja baada ya nyingine, nikageuka kushoto penye kanisa na kulia penye duka la mikate, na sikupotea hata mara moja. Nakwambia hivi ujue kwamba Ufaransa mimi sijapata kuikanyaga.

Mimi ni mtoto wa Jeddah, mtaa wa Baghdadiyah, nyumba ya ghorofa tatu yenye ngazi nyembamba na viyoyozi vinavyodondosha maji juu ya vichwa vya wapita njia. Tulikaa juu kabisa, bibi, mama na mimi. Bibi alitoka Pemba mwaka sitini na nne, mama akiwa mgongoni hajaanza kutembea, na hakurudi tena. Asubuhi zetu zilianza kwa harufu ya tamisi, ile mikate mikubwa bapa ya tanuri la Muafghani pale chini, na kelele za lori la maji likirudi nyuma kichochoroni. Lori likishaondoka, kazi yangu ilikuwa kupanda darini kuangalia kama tangi limejaa, kisha kufagia vumbi, kisha kuchagua mchele. Bibi akipika mchuzi wa papa, jirani wa ghorofa ya pili, mwanamke wa Kihijazi, mwenyeji wa palepale, alifungua mlango na kulalamika jengo zima lisikie kwamba tunamtia kichefuchefu. Saa moja baadaye angemtuma mwanawe aje na bakuli tupu.

Mama alikuwa yaya wa familia moja ya Kifaransa. Joto la Jeddah likizidi, familia ile ilikwenda kwao, kijijini kwa madamu, na mama akaenda nayo miezi miwili. Miezi miwili kwa mtoto ni umri mzima, na mimi sikuwa mvumilivu. Nilimnunia bibi, nikamnunia mama kwenye simu, na aliporudi nikamnunia wiki nzima kabla ya kukubali kukaa mapajani pake. Hapo ndipo alipoanza dawa yake. Kila alasiri akinisuka nywele, alinisimulia kijiji, njia kwa njia na mtu kwa mtu, mpaka nikahisi kwamba nami nilikuwepo.

Nikakijua kuliko Jeddah. Nilijua kwamba mbuzi wao wanalala chini ya nyumba na watu juu, na kwamba jibini ya maziwa yao inanuka kiasi kwamba papa wa bibi ni uturi. Nilijua kwamba zamani kulikuwa na kiwanda cha glavu za ngozi laini ya wanambuzi, na wanawake walizishona majumbani, wakikaa madirishani kufuata mwanga. Kiwanda kilipofungwa vijana wakahamia mijini, na nyumba nyingi zikabaki na wazee na paka. Uwanjani kuna nguzo ya mawe yenye majina ya wanaume waliokufa vitani, ukoo mmoja majina manne. Mama yake madamu alimshika mama mkono akamwonyesha moja baada ya moja, ingawa hawakuwa na lugha ya pamoja. Mama akifika hapo alisimamisha vidole kwenye nywele zangu, kisha akaendelea kusuka.

Bibi alikuwa akitusikia. Alikaa upande wa pili wa chumba na sinia yake ya mchele, na sikumbuki kama aliwahi kutia neno.

Basi, palikuwa na mwalimu. Alikuwa mwanamke mmoja wa Kizanzibari aliyestaafu, aliyekusanya watoto wetu sebuleni kwake kila Alhamisi baada ya alasiri, tusije tukasahau Kiswahili. Alitupa kahawa nyepesi kwenye vikombe vidogo, tukajiona watu wazima. Mwaka nilipotimiza miaka tisa aliwaalika wazee waje kutusikiliza. Kila mtoto angesimama aeleze kijiji cha kwao: kipo wapi, kilianzaje, na watu wake wanaishi kwa kitu gani. Mama alikuwa kazini, kwa hiyo alikuja bibi, na buibui lake jipya na sahani ya visheti.

Wenzangu walisimama wakabahatisha minazi na bahari. Mimi nilisimama nikasema kwetu kuna mto na daraja la mawe. Nilieleza jabali, nikaeleza mbuzi, nikaeleza glavu. Sikusita hata kidogo. Nilipofika kwenye zabibu, kwamba wanazikanyaga kwa miguu na kutengeneza juisi wanayoiweka miaka kwenye mapipa, kama mama alivyoniambia, akina mama wakaanza kutazamana, na mmoja akauliza juisi gani hiyo inayokaa miaka. Sebule nzima ikaangua kicheko. Nami nikacheka, nikidhani nimewafurahisha.

Bibi hakucheka. Tukiwa njiani kurudi nyumbani, penye duka la Myemeni akasimama kama mtu aliyechoka.

"Umesema vizuri, mjukuu wangu," akaniambia. "Sauti yako nzuri. Lakini huko siko kwetu."

Mama aliporudi akaambiwa, na simulizi za Ufaransa zikafa siku ileile. Akaniagiza nikae na bibi anieleze kwetu. Kesho yake nikakaa. Bibi aliweka sinia pembeni, akanawa mikono, akajifuta taratibu, na nakumbuka kwamba alijitengeneza mtandio kama anayekwenda kupokea wageni. Akaanza njiani. Ukipanda kutoka bonde la mpunga, akasema, unakuta uwanja wa kuanikia karafuu, na ukipita uwanja unakuta nyumba ya kwanza, ya mkunga aliyemzalisha mama yako. Akafumba macho kwenda nyumba ya pili. Chini wenzangu walikuwa wananiita, mpira umeshaanza.

"Halas, bibi," nikamwambia. "Tutaendelea kesho."

"Haya, mwanangu. Kesho."

Sikurudi. Hakukuwa na ugomvi wala sababu. Kesho palikuwa na shule, keshokutwa palikuwa na mpira, na kijiji cha bibi hakikuwa na daraja. Yeye naye hakunikumbusha, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuomba kusikilizwa. Niliolewa nikahamia Riyadh, na bibi akafariki mwaka ule nilipojifungua mwanangu wa kwanza. Hata jina la mahali sikupata. Alikuwa akisema "shamba" tu, na kwa watu wa kwetu pote nje ya mji ni shamba.

Mwezi uliopita nilikwenda Jeddah. Nyumba yetu haipo, na tanuri la Muafghani halipo. Nilisimama mahali ambapo nadhani ngazi zilikuwa, sikuweza kuapa. Jioni nilimkuta mama kwenye nyumba yake mpya, amezeeka, anachagua mchele kwa miwani. Nilikuwa nimejipa moyo miaka yote kwamba bibi alikuwa na binti, na binti lazima anajua. Nikamwambia nimekuja anisimulie shamba kwa bibi, safari hii sitaondoka.

Mama akaacha mchele akanitazama.

"Mimi nlikuwa nikimuuliza analia," akasema. "Nikaacha kumuuliza. Ila siku ile na wewe hakulia, nlimsikia kutoka jikoni. Nikasema alhamdulillah, keshapata wa kumwambia."

Nikamwambia aliniambia nyumba moja tu.

"Moja?" mama akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Ya nani?"