Bati Hana Swali

Fundi wa bodi aliyeitwa Bati alikuwa mtu mwepesi wa kusamehe. Ukichelewa kuchukua gari lako gereji kwake, alilifunika turubai na kulipangusa vumbi kama la kwake. Ukimlaumu kwa kosa lisilo lake, alicheka na kuendelea kugonga nyundo. Jambo moja tu lilimkwama kooni: kaka wa mkewe alikuwa na gari lenye kasi kuliko lake.

Shemeji huyo alitengeneza malori, ndiyo maana watu walimwita Dizeli. Yeye na Bati walikuwa katika kundi la mafundi wanaojiundia magari kwa mikono yao. Jumapili alasiri waliyashindanisha, mawili mawili, kwenye barabara iliyonyooka ndani ya uwanja wa kiwanda kilichofungwa, kwa ruhusa ya mwenyewe. Hapakuwa na kona wala mzunguko. Bendera ikishuka, dereva anakanyaga mafuta, na kufumba na kufumbua mambo yamekwisha.

Kundi lilikuwa na desturi moja waliyoiheshimu kuliko ushindi wenyewe. Mbio zikiisha, aliyeshinda hufungua gari lake, boneti na buti, na aliyeshindwa ana haki ya kuuliza swali moja. Mshindi sharti ajibu kweli, mbele ya wote, hata kama siri hiyo ameitolea jasho mwaka mzima. Kwa njia hiyo hakuna ujanja uliozeeka mikononi mwa mtu mmoja.

Bati alikuwa ameshindwa na Dizeli mara nyingi mno. Na kila mara Dizeli alifungua boneti, akasimama kando akijifuta mikono na kitambaa, akisubiri. Bati aliinama kidogo, akachungulia kama mtu anayekagua sufuria ya jirani, kisha akanyanyuka.

"Sina swali."

"Huna kabisa, shemeji?"

"Sina. Nimeona."

"Umeona nini?"

"Nimeona injini."

Watu wakaangua kicheko. Dizeli akafunga boneti polepole, bila kucheka.

Nyumbani, mke wa Bati, ambaye alikuwa fundi cherehani, hakumwacha apumue.

"Ungemwuliza ulimi ungekatika?"

"Nikimwuliza, nusu ya gari langu itakuwa yake," alijibu Bati. "Nataka nimshinde kwa akili yangu. Halafu nifungue gari langu, na yeye ndiye aulize. Aulize mbele za watu, nami nimweleze. Hicho tu ndicho ninachotaka duniani."

"Na mimi nimshangilie nani siku hiyo? Nikishangilia mume, ndugu yangu ananuna. Nikishangilia ndugu, chakula nitakula na nani?"

"Shangilia bendera."

Tatizo la Bati lilikuwa ufundi wake mwenyewe. Mtu aliyezoea kukata na kunyoosha mabati huamini kwamba dawa ya kila kitu ni kukata. Alikuwa ameng'oa kiti cha nyuma, zulia, redio na vitasa vya ndani. Milango aliitoboa matundu hadi mkewe akauliza kama ni gari au chujio. Gari likawa jepesi ajabu, na kila lilipozidi kuwa jepesi, lilizidi kushindwa. Bendera ikishuka, matairi ya nyuma yalizunguka papo hapo, yakipiga kelele na kufuka moshi, huku Dizeli akiondoka zake. Bati alirudi gereji, akatafuta kitu kingine cha kukata.

Mambo yalibadilika siku mkewe alipotaka cherehani yake ya miguu, ile ya chuma kizito, ipelekwe kwa fundi. Bati aliipakia kwenye buti huku akiguna, kwa kuwa kila kilo ilimuuma. Walipofika njia panda, akakanyaga mafuta kwa mazoea. Gari halikupiga kelele. Liliruka mbele kama limesukumwa mgongoni, na mkewe akashika dashibodi kwa mikono miwili.

"Unaniua!"

Bati alisimamisha gari pembeni, akatazama kioo cha nyuma.

"Mke wangu," akasema hatimaye, "matairi yalikuwa hayana cha kuyakandamiza chini. Mimi ndiye niliyekuwa nayanyima uzito."

"Usiniambie unataka kushindana ukiwa na cherehani yangu."

Hakuichukua cherehani. Alihamishia betri kwenye buti, kisha akakata bamba nene la chuma na kulilehemu kwenye sakafu ya buti, juu ya ekseli, ule mhimili wa magurudumu ya nyuma. Kazi hiyo ilimtesa kuliko zote alizowahi kufanya, maana alikuwa akirudisha chuma alichojisifia kukitoa. Lakini alilipiga msasa bamba lile, akalipaka rangi, akazungusha kingo zake kwa tupa mpaka kidole kikapita bila kukwaruzwa. Alitaka likitazamwa lipendeze.

Jumapili ilipofika, Mama Vipuri, muuza spea wa soko la karibu na mshika bendera wa kundi, alisimama kati ya magari mawili.

"Leo umekuja na kuni za kuwasha huo moshi?" Dizeli alimwuliza Bati kupitia dirishani.

"Leo moshi utaula wewe, shemeji."

Bendera ikashuka. Gari la Bati lilishika barabara na kuondoka bila mlio. Alisikia injini ya Dizeli ubavuni, kisha nyuma kidogo, kisha nyuma zaidi, mpaka mstari wa chokaa ukapita chini ya magurudumu. Alikuwa ameshinda.

Alirudi polepole, akazima injini, akafungua boneti, kisha akafungua buti. Alisimama kando na kitambaa chake. Maneno yote alikuwa nayo mdomoni, yamepangwa: uzito, ekseli, betri. Watu walisogea. Dizeli akaja, akachungulia mbele, akazunguka, akachungulia nyuma. Macho yake yalitua kwenye bamba lile, yakakaa. Kisha akanyanyuka.

"Sina swali."

"Huna?" Sauti ya Bati ilitoka ndogo. "Hata hili la nyuma?"

"Nimeliona. Ni chuma."

Watu walicheka mpaka wengine wakashika magoti. Dizeli akaenda zake kuketi kwenye ngazi ya gari lake la kubebea zana. Bati alibaki na gari lililo wazi pande zote mbili na ushindi ambao hakujua auweke wapi.

Mkewe akamsogelea.

"Hongera, mume wangu."

"Hakuuliza."

"Nimeona." Alimtazama kwa huruma iliyochanganyika na kicheko. "Unajua kila alipokushinda, kaka yangu alikuwa akija jikoni kwangu kunieleza mimi ile injini? Mimi, nakata vitunguu, naelezwa kabureta. Alikuwa hana mwingine wa kumweleza."

Bati alikunja kitambaa, akakikunjua. Kisha akavuka uwanja, akasimama mbele ya shemeji yake.

"Zile kabureta zako mbili," akasema kwa sauti iliyosikika, "unazilinganisha vipi mpaka zivute hewa sawasawa?"

Kicheko kikakatika.

"Mshindi haulizi," alisema Dizeli.

"Mama Vipuri, imekatazwa?"

"Haijakatazwa," alijibu yule mama. "Hajapata kutokea mwenye wazimu huo."

Dizeli alimtazama Bati, akitafuta dhihaka usoni pake. Hakuiona. Aliinuka, akachomoa kipande cha mpira wa maji kutoka sanduku la zana, akaenda kuwasha gari lake la mashindano na kufungua boneti.

"Weka sikioni. Ncha hii naiweka kwenye mdomo wa kabureta. Sikiliza upepo. Sasa hii ya pili. Ipi inapiga mluzi zaidi?"

"Ya kushoto."

"Haya, nakaza skrubu. Sikiliza tena. Usikimbilie kusema, sikiliza!"

Magari mengine yalishaanza kuondoka. Mama Vipuri alikuwa amekunja bendera na kuaga. Wawili hao walikuwa bado wameinama, vichwa vikigusana, wakibishana kama mluzi wa kulia ni mnene au mwembamba.

"Halafu," Dizeli alisema bila kuinua kichwa, "lile bamba la nyuma. Mbona umeliweka juu ya ekseli, si mwishoni kabisa mwa buti?"

"Hilo ni swali?"

"Ni maongezi tu."

Bati alivuta pumzi, akaanza kueleza tangu mwanzo, wala hakuruka hata msumari.