Ukuta wa Kusini wa Nyumba ya Wintle

Kijiji kizima cha Coldwell kilijua kwamba Wilf Tidmarsh hakosei kwenye mawe, na aliyekijulisha ni Wilf mwenyewe. Alikuwa fundi wa miaka sabini na mmoja, goti moja bovu, mdomo mzima. Lakini asubuhi ile ya Februari alisimama chini ya ukuta wa kusini wa nyumba ya Edna Wintle akiomba, kwa mara ya kwanza, awe amekosea.

Siku tatu nyuma alikuwa amebandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa, kando ya dirisha la jikoni. Ndivyo mafundi wa kule wanavyoupima ukuta. Kioo kikibaki kizima, ufa ni wa zamani na umelala. Kikikatika, ukuta unatembea. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, kisha usiku baridi ikagandisha hata maji ya ndoo. Sasa kioo kilikuwa vipande viwili.

Akagonga jiwe kwa mpini wa nyundo, akatega sikio. Likaitika kama debe tupu. La pili vilevile. Ukuta ulikuwa umetoa tumbo, na tumbo lenyewe lilikuwa limekua tangu Jumatatu.

Nyumba zile za miaka mia nne, kila ukuta ni kuta mbili zilizosimama pamoja, katikati kifusi, na hapa na pale jiwe refu la kuzifunga. Maji yakiingia, hutoka kupitia chokaa iliyo kati ya mawe, polepole, na nyumba inapumua. Ziba chokaa ile kwa saruji uone. Maji yanabaki ndani, yanaganda, yanatanuka, na ukuta unajisukuma wenyewe.

Huu ulikuwa umezibwa kwa saruji kuanzia msingi hadi kwenye vigae vya mawe vya paa, kazi safi, iliyonyooka. Chini ya dirisha fundi aliyeifanya alikuwa amechora jina kwa ncha ya mwiko: W. TIDMARSH 1976.

Wilf akaogopa. Aliingia jikoni bila kupangusa viatu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika nyumba ya mtu.

Edna alikuwa ameketi palepale alipoketi kila siku, kiti kimeegemea ukuta wa kusini, anamenya viazi.

"Edna, chukua koti. Twende kwangu."

"Kwako kufanya nini? Nina keki kwenye oveni."

"Ukuta huu unakuja chini."

Edna akacheka mpaka kiazi kikamtoka mkononi. "Ukuta upi? Huu wako? Wewe mzee umeanza kuchanganyikiwa. Miaka thelathini na minane unatupigia kelele kule baa kwamba ukuta wa Wintle utadumu mpaka utuzike sote, leo unakuja chini?"

"Sitanii."

"Hata mimi sitanii. Mwaka juzi alikuja bwana mmoja na miwani yake, mtaalamu, akaniambia nihame. Nikamwonyesha jina lako pale nje. Nikamwambia hii ni kazi ya Tidmarsh, funga mlango ukitoka."

Ndani ya ukuta kitu kikamwagika, taratibu, kama mchele unaomiminwa kwenye sufuria. Vumbi likashuka kwenye kizingiti cha dirisha. Edna akalifuta kwa kiganja.

"Ni mfereji," Wilf akasema haraka. "Mfereji wa paa umeziba, maji yameingia."

"Basi kauzibue. Mimi nipo."

Angeweza kusingizia gesi. Angeweza kuwasingizia mafundi waliokufa zamani za wafalme, nani angembishia? Yote yalimpitia kichwani, na kila uongo ulihitaji dakika ambazo hakuwa nazo. Akapiga magoti mbele ya yule mama, goti bovu likalia.

"Edna, nisikilize. Nimeuua mimi huu ukuta. Ile saruji ndiyo iliyouua. Bert alitaka chokaa, kama ya babu yake. Nilimcheka. Nilimwita bibi kizee mbele ya baa nzima, unakumbuka? Bert alikuwa sahihi, mimi mpumbavu. Nina miaka ishirini nalijua hilo, na kila nikipita hapa naangalia upande mwingine. Sasa tafadhali, mama, toka."

Bert, mume wa Edna, alikuwa na miaka tisa kaburini. Edna akaweka kisu mezani. Mchele ukamiminika tena, safari hii na mawe ndani yake. Edna akainuka, akazima oveni, akaitoa keki kwa aproni, akatangulia nje.

Walikuwa wamefika kwenye geti ukuta ulipokaa chini. Haukuanguka kwa kishindo alichokitegemea Wilf. Uliteremka, ngozi yote ya nje, na dirisha na jina, kisha ya ndani ikaifuata na kukilalia kile kiti. Vumbi lilipotulia waliliona jiko lote, viazi bado mezani.

"Sema kitu, Edna," Wilf akasema. "Nitukane."

Edna alikuwa ameikumbatia keki yake, mvuke ukimpanda usoni.

"Alipokuwa anakata roho," akasema, "Bert alinishika mkono. Akaniambia, 'Wilf ndiye aliyekuwa sahihi, mimi nilikuwa mbishi tu. Usikubali mtu yeyote aguse ule ukuta.'"

Wilf akalia, waziwazi, barabarani, majirani wakitoka mmoja mmoja. Kisha akaenda kwenye kifusi, akaokota jiwe la kwanza, akatoa patasi mfukoni, akaanza kulibandua saruji, tayari kwa chokaa.