Timu ya Vinyoya ya Mkoa wa Rukwa

Barua ilisomwa na watu watatu kabla ya kunifikia, na wote watatu waliandika pembeni, "Kwa hatua zako." Mimi nilikuwa karani wa masjala katika ofisi ya mkoa, Sumbawanga. Chini yangu hakukuwa na mtu wa kumwandikia hivyo, kwa hiyo nikaisoma.

Ilitoka Dar es Salaam. Ilisema taifa litapeleka timu ya wanaume kwenye mechi za Afrika za kufuzu ubingwa wa dunia wa mchezo wa vinyoya. Ili kuwapata wachezaji, mikoa ya nyanda za juu ingeshindanishwa Mbeya baada ya miezi mitatu. Kila mkoa ulete wanaume wanne.

Nikampelekea afisa utamaduni, maana michezo yote ilikuwa kwake.

"Vinyoya ndiyo nini?" akauliza.

Nikamweleza. Watu wanasimama pande mbili za neti wakiwa na raketi nyepesi, wanapigiana kizibo kilichochomekwa manyoya, na kizibo hicho kikianguka chini upande wako umepoteza.

"Wewe umeyajulia wapi?"

"Misheni, nilipokuwa nasoma. Nimecheza miaka saba."

Akafunga jalada. "Basi wewe ndiye timu. Tafuta wengine watatu."

Hawakuwa wengi wa kuchagua. Pale misheni alikuwapo bruda mmoja mzee, Mzungu, fundi seremala, ambaye alizungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kifipa kwa sababu Kifipa ndicho alichojifunza kwanza. Yeye ndiye aliyetufundisha mchezo ule. Wanafunzi wake wengine walikuwa wamekwenda kulima ulezi, au wamekuwa mapadri, na padri haombewi ruhusa kwa barua ya afisa utamaduni. Waliobaki mjini walikuwa wawili: mwalimu wa shule ya msingi, mrefu, mkimya, na tabibu wa hospitali aliyekuwa akicheza huku akikueleza ulichokosea wewe.

Tukawa watatu. Mahali pa kuchezea ilikuwa tabu nyingine. Ufipa ni nchi ya upepo, na kinyoya kikipigwa nje kinaamua chenyewe pa kwenda. Lakini ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Wafanyabiashara walikuwa wanakuja na malori yao hadi mashambani kununua mahindi, na ghala kubwa la ushirika, ambalo zamani lilijaa magunia mpaka kwenye mabati, lilikuwa tupu. Mlinzi wake aliendelea kuja kazini kila siku kulinda sakafu. Tukamwomba, akatufungulia. Alisema angalau sasa kuna kitu cha kulinda.

Bruda alichora mistari kwa chokaa. Neti tuliipata ya dagaa, kutoka Kirando, na kwa wiki kadhaa ghala lilinuka kama ufuko wa Ziwa Tanganyika. Viatu vya raba tulinunua mitumba, ambayo siku hizo ilimwagwa sokoni marobota kwa marobota. Mimi nilipata jozi ya kijani iliyonitosha mguu mmoja vizuri sana. Vinyoya ndivyo havikupatikana. Bruda akatengeneza mwenyewe kwa kizibo cha chupa ya divai ya misa na manyoya kumi na sita ya bata. Alikuwa na bata wengi. Kufikia mwisho wa mazoezi walikuwa wengi bado, ila hawakupenda kumwona.

Mtu wa nne alijileta mwenyewe. Mfanyabiashara mmoja alikuwa amekodi nusu ya ghala aweke mpunga wa bondeni, na siku ile lori la Mtowisa lilikuwa linashusha mlangoni. Tabibu akapiga kinyoya kwa nguvu, nikakikosa, kikatoka mlangoni. Pale alisimama kijana wa Kisukuma wa umri wangu, mwenye mke na watoto, ambaye wazazi wake walihamia bonde la Rukwa na ng'ombe wao. Alikuwa ameshika fimbo ya kuchungia mkono wa kushoto. Aliona kitu kinamjia usoni akakipiga. Kinyoya kikarudi ndani, kikapita juu ya neti, kikaanguka kwenye kona, juu ya chokaa.

Tukatazamana.

"Rudia," nikamwambia, nikamrushia kingine.

Akarudia. Kona ile ile.

"Samahani," akasema. "Ndege gani huyu?"

Bruda akamwendea, akamnyang'anya fimbo kwa adabu, akamwekea raketi mkononi.

Alikuwa anapandisha mpunga kutoka bondeni kila wiki, akawa anabaki siku mbili tatu kwa tabibu, kufanya mazoezi. Mimi nilimfundisha kuanzisha, kusogea, kurudi katikati. Alinisikiliza kwa makini, akiniita bwana karani. Mwezi wa kwanza nilimshinda kila mchezo. Mwezi wa pili tulishindana. Mwezi wa tatu nilianza kuwa na kazi nyingi ofisini siku alizokuwapo.

Tukaenda Mbeya juu ya lori la mahindi, wanne, kupitia Laela na Tunduma, tukafika weupe kwa vumbi, kama waliozaliwa upya. Mashindano yalikuwa kwenye ukumbi wa shule. Timu hushindana mara tano: watatu mmoja mmoja, halafu wawili wawili mara mbili, anayepata tatu ameshinda. Wenyeji walitupiga tano kwa bila kabla ya chai. Tabibu alitueleza kila mmoja alipokosea.

Mechi ya pili ilikuwa na mkoa mwingine wa kusini, vijana wenye fulana zinazofanana na raketi mpya. Hapo ndipo waandaaji waligundua kwamba vinyoya vyao vimekwisha. Mwamuzi akauliza kama kuna timu yenye akiba. Mwalimu, ambaye hakuwa amesema neno tangu Tunduma, akanyanyua mfuko wetu.

Mpinzani wa Msukuma wetu akachukua kimoja, akakigeuzageuza.

"Haya manyoya ya ndege gani?"

"Bata," nikamjibu.

"Bata wa wapi?"

"Sumbawanga."

Akakiweka chini taratibu, akafuta mkono kwenye bukta. Nchi nzima inajua yanayosemwa juu ya Sumbawanga. Sisi tuliozaliwa huko tunajua kwamba jina lenyewe lina maana ya kutupa uchawi, lakini hakuna aliyewahi kungoja tumalize kueleza. Nahodha wao akamwendea mwamuzi, wakanong'ona. Mwamuzi akasema kanuni zinataka manyoya, hazisemi ya nani.

Wakacheza. Kila kinyoya kilipowajia karibu na uso walikikwepa kwanza, kisha wakafikiri kukipiga. Msukuma alimaliza mchezo wake upesi, mkono wa kushoto, kona baada ya kona. Mwalimu akapoteza kwa shida. Nami nikapoteza. Nataka jambo hili lieleweke: nilishindwa na mtu aliyekuwa anaogopa kinyoya. Wawili wawili tukashinda zote mbili, mara zote Msukuma akiwa mmoja wao, na Rukwa ikapata tatu kwa mbili. Wale vijana walitupungia mkono wa kwaheri kwa mbali.

Mzee mmoja kutoka Dar es Salaam alikaa kwenye benchi siku nzima akiandika kwenye daftari. Wakati wa kuondoka alimuuliza Msukuma amecheza miaka mingapi.

"Miezi mitatu," akajibu. "Huyu bwana karani ndiye aliyenifundisha."

Mzee akanitazama, akaandika kitu. Njia nzima ya kurudi, juu ya gunia, nilifikiri ameandika jina langu.

Wiki mbili baadaye barua ikafika. Niliifungua mimi, nikagonga mhuri wa mapokezi, nikaandika kwenye rejista. Ilimwita mtu mmoja kambini Dar es Salaam, na ilitaja siku ambayo kambi itaacha kupokea wachezaji. Jina halikuwa langu. Nililisoma mara kadhaa, kama mtu anayetafuta kosa la kupiga chapa.

Niliiweka kwenye droo. Sikujiambia kwamba naificha. Nilijiambia nangoja lori la kushuka Mtowisa. Siku ya pili lori lilipita chini ya dirisha la ofisi, nikalitazama mpaka lilipopinda kona. Siku ya tatu tabibu alipita kuuliza kama kuna habari. Nikamwambia posta ya Dar es Salaam inachelewa sana. Siku ya nne ilipita. Ya tano ilikuwa Jumapili, nikaenda misa. Bruda alikuwa benchi la mbele yangu na nilitazama shingo yake iliyoungua jua muda wote wa mahubiri. Sikumbuki mahubiri yalihusu nini, na nisingependa kusema kwamba yalihusu barua. Nilitoka kanisani, nikaenda kwa mlinzi wa ofisi, nikafunguliwa, nikatoa barua, nikapanda lori la chumvi lililokuwa linateremka bondeni.

Lori lilishuka mteremko wa Lyamba lya Mfipa kwa gia ya kwanza, breki zikinuka. Juu niliacha baridi ya sweta. Chini nilikuta joto la kuvua kila kitu. Tuliharibikiwa mara mbili. Nilimkuta Msukuma nyumbani kwao, ng'ambo ya mashamba ya mpunga, anamkamua ng'ombe. Baba yake alikuwa kwenye kigoda pembeni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye karani wa ndege?"

"Ndiye mimi."

Nikampa mwanawe barua. Akafuta mikono kwanza, akaisoma yote, mpaka mhuri.

"Na wewe?" akaniuliza. "Yako iko wapi?"

"Mimi sikuitwa."

Akaikunja barua. Kisha akasema, "Basi wamekosea kitu," akaenda kumwambia mke wake afunge nguo.

Kutoka Mtowisa hadi Sumbawanga, kungoja lori. Sumbawanga hadi Mbeya, kungoja lori jingine. Mbeya hadi Dar es Salaam, treni. Alifika kambini siku tatu baada ya orodha kufungwa. Nne toa tatu ni moja. Hesabu hiyo nimeifanya mara nyingi na haijawahi kutoa jibu jingine.

Walimruhusu akae, awe anawapigia wenzake mazoezi. Alikaa wiki mbili. Wachezaji wawili wa timu, aliniambia baadaye bila kujisifu, alikuwa anawashinda kila asubuhi. Kisha timu ikapanda ndege, yeye akapanda treni. Timu ilikwenda, ikafungwa, ikarudi. Redio ilitangaza baada ya bei za mazao.

Tuliendelea kucheza kidogo, halafu mfanyabiashara akakodi na ile nusu nyingine ya ghala, na mistari ya chokaa ikafunikwa na mahindi. Mwalimu alihamishiwa Kaoze. Bruda alirudishwa kwao kwa ajili ya mgongo wake. Na mimi kila nilipomwona Msukuma mjini nilivuka barabara, nikijifanya naelekea dukani.

Mwaka ukapita hivyo. Siku moja alinikuta kwenye mgahawa wa stendi, mahali ambapo hakuna barabara ya kuvuka. Akaketi, akaagiza chai na mihogo. Aliniambia habari za mpunga, za mtoto wa tatu, za ng'ombe waliokufa kwa ndigana. Nikaona nikingoja anyamaze sitasema kamwe, nikamkatiza.

"Ile barua," nikasema. "Niliikalia siku nne. Ilikuwa kwenye droo yangu. Malori yalikuwapo."

Akaendelea kutafuna mhogo. Alipomeza akasema, "Najua."

"Nani alikwambia?"

"Mhuri wenu una tarehe, bwana karani. Uliugonga wewe."

Sikuwa nimelifikiri hilo. Miaka yote ile masjala, na sikuwa nimelifikiri.

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja uniambie." Akanywa chai. "Na hilo nalo umelichelewesha."

Hakusema kwamba amenisamehe, wala sikuomba. Nilitaka, lakini maneno niliyoyatayarisha yalikuwa ya kiofisi. Tukamaliza mihogo. Baadaye akauliza kama bado nina raketi. Alikuwa amefunga neti nyumbani, kwenye zizi la zamani, ambapo boma linazuia upepo, na anacheza na shemeji zake, ila raketi iko moja tu na anayepangiwa fimbo anagombana.

Nikaenda nyumbani, nikaileta yangu, ile niliyopewa na bruda nilipomaliza shule. Akaishika kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole kwenye nyuzi.

"Uzi huu umelegea," akasema.

Ilikuwa kweli. Akaiweka kwapani, akalipia chai yake na yangu, akaenda kupanda lori.