Kiondo Kisichofungwa Mdomo

Nakumbuka siku moja ya soko pale Mitaboni, mwanangu, siku niliyochekwa mpaka nikaacha kamera ya watu juu ya meza nikaenda zangu. Nimeikumbuka kwa sababu ya mjukuu wangu Mwende. Juzi nilimkuta anafuta picha kwenye simu, machozi yanamtoka, ati anayemfundisha kupiga picha amemwambia amekata miguu ya bibi harusi.

Nikamuuliza, "Na kweli umeikata?"

"Ndio, Susu. Lakini kwani wewe uko upande gani?"

"Upande wa miguu," nikamwambia.

Susu kwetu Ukambani ni nyanya. Sikumbembeleza. Mtoto akibembelezwa kila akiguswa, atakuja kuguswa na dunia, na dunia haina mkono laini. Nilimkalisha chini nikamwambia hadithi hii ninayokuambia wewe sasa.

Mimi shule niliishia darasa la nne. Kazi niliyopata nikiwa msichana ilikuwa ya kufagia studio ya Mzee Kyalo, fundi wa picha pale sokoni, na kumchotea maji ya kuoshea picha. Siku hizo ni za filamu. Hukupiga picha ukaifuta. Ulipiga, ukangoja filamu iishe, ioshwe, ndio ujue ulifanya nini. Nilifagia mwaka mzima macho yangu yako kwa kamera. Mzee akaona. Siku moja akanipa hiyo kamera, akasema, "Niletee picha moja tu, ile naweza kutundika hapa kwa mlango. Ukileta, tunaenda harusi pamoja, wewe na kamera yako. Ukikosa, ufagio ndio huo."

Msichana wa kushika kamera hatukuwa tumemwona. Nilitaka hiyo kazi kama mwenye kiu anavyotaka maji.

Nikaenda kumpiga picha Susu wangu, mama ya mama yangu. Alikuwa amekaa mlangoni anasuka kiondo, kikapu chetu cha makonge. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kuvimba na kupinda, na alikuwa ameshasema, "Hiki ni cha mwisho. Ni chako. Nikikifunga mdomo, hivi vidole vipumzike."

Sasa sikia ujinga wangu. Nilimwambia aweke kiondo chini, akifiche, kisionekane, maana niliona ni mambo ya kijijini. Nikamfunga kitambaa cha Jumapili. Nikamsimamisha wima, mikono kando, kama mtu anapigwa picha ya kipande, ya kitambulisho. Halafu nikarudi nyuma, nikarudi tena, nikafika kwenye mahindi. Unajua kwa nini? Nilitaka mabati yaonekane. Tulikuwa tumeezeka mwaka huo, nyumba ya kwanza ya mabati kwenye kilima chetu, na mimi nilitaka kila mtu Mitaboni ajue.

Msaidizi wa mzee akaiosha picha, mzee mwenyewe hajaiona. Nikampelekea Mzee Kyalo siku ya soko, studio imejaa watu, nimeinua shingo.

Akaitazama. Akaitazama tena. Akasema, "Hii mabati imetoka vizuri sana. Inaitwa nani?"

Watu wakacheka.

"Na huyu chini yake, huyu mdogo kama punje, ni mgeni wa mabati? Na kwa nini nguzo ya ghala inamwota kichwani?"

Wakacheka tena, mama mmoja mpaka akashika ukuta. Nikasikia masikio yanawaka moto. Kumbe mzee hakuwa amemaliza. Alichukua vipande viwili vya katoni, akaviweka juu ya picha, akafunika mabati, akafunika mahindi, akabakisha Susu peke yake. "Ona. Hapa ndio picha yako ilikuwa. Nenda karibu mpaka uone aibu, halafu ongeza hatua moja. Usimweke katikati kama msumari. Mwanga utokee kando, kwa mlango. Na mikono yake iko wapi? Huyu mama ni mikono, wewe umeniletea paa."

Mwanangu, kila neno lilikuwa dawa. Lakini mimi nilikuwa nimeshasikia kicheko, na mwenye kusikia kicheko hasikii kingine. Nikanyakua picha, nikaacha kamera mezani, nikatoka.

Soko tatu zikapita sijakanyaga huko. Nilikuwa nalima na kununa. Susu hakuniuliza kitu mpaka siku wanawake wa kikundi chake walipokuja kusuka. Ulishawahi kuwaona wakisuka pamoja? Hawasifiani. Kila mmoja anampa jirani kiondo chake, na jirani anakivuta kwa nguvu, anaingiza kidole, anatafuta pale uzi umelegea. Siku hiyo mama mmoja, Nduku, alivuta cha Susu, akasema, "Aiya! Hapa maharagwe itatoroka yote ifike nyumbani kabla yako." Susu alicheka mpaka akakohoa. Akafumua mistari miwili, akaanza upya na vidole vyake vile vibovu.

Kisha akanigeukia mbele yao. "Mimi na mvi hizi kiondo changu kinavutwa. Wewe karatasi yako ya picha ni yai, haiguswi?"

Nilisikia, mwanangu, lakini moyo ulikataa. Kiburi cha ujana ni kama punda: ukimvuta, anarudi nyuma. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na langu lilikuwa njiani kuvunjika.

Wiki iliyofuata Mzee Kyalo akatuma neno. Filamu mpya iliyo kwenye kamera imebaki picha mbili, ataiosha Jumamosi, kama nataka nije. Hapo nikashindwa na kiburi changu, nikaenda. Hakunipa pole wala hakunigombeza. Alinipa kamera tu.

Nikapanda kilima mbio. Nikamkuta Susu mlangoni, mikono imefungwa kitambaa cha maji ya moto, na kiondo kiko pembeni, kimefungwa mdomo. Kimeisha.

Nikakaa chini nikalia.

"Unalia nini?"

"Nilikuja kupiga picha mikono yako."

Akafungua kitambaa. Akavuta kiondo akakiweka magotini, akafungua ule mdomo, akafumua mstari mmoja, wa pili, wa tatu. Nyuzi za makonge zikasimama juu kama nywele. Akaanza kusuka tena, taratibu, meno yameumana.

"Sogea," akasema. "Hivi vidole havina siku nzima."

Nikasogea mpaka nikaona aibu. Nikaongeza hatua moja. Mwanga wa mlangoni ulikuwa unamwangukia upande mmoja, mikono iko mbele, kubwa, na uso nyuma yake umeinama unaitazama kazi. Mabati hayakuonekana hata kidogo.

Mzee Kyalo aliitundika mlangoni. Alisema tu, "Kidole gumba kimekaribia kukatika. Wakati ujao angalia ukingo." Nikajibu, "Nimesikia," na kweli nilikuwa nimesikia. Nimepiga harusi za watu kutoka hapo mpaka Kithyoko, miaka mingi.

Ile mistari mitatu Susu hakuimaliza. Vidole vilikataa. Kiondo kiko hapa kwangu ukutani, nyuzi zimesimama, na mtu akiniambia nikipeleke kwa mama fulani akifunge, namwambia akiache hivyo hivyo.

Basi, mwanangu, shika hili. Nyani haoni kundule. Kosa lako liko mahali jicho lako halifiki. Mficha uchi hazai, na mficha picha hatajua. Anayekuambia "mbaya" akaenda zake, mwache aende, huyo hajakupa kitu. Lakini anayeweka kidole akasema "hapa", akakuonyesha na namna ya kurekebisha, huyo mpikie chai, hata kama alikucheka kwanza. Na usikawie kumrudia, kwa sababu kazi yako inangoja, lakini watu unaotaka kuwapiga picha wanazeeka. Mimi kununa kwangu kulilipwa na vidole vya mtu mwingine.

Mwende amerudi kwa yule bibi harusi, amekwenda kuomba ampige picha tena, safari hii na miguu.

Na wewe njoo, lete mikono nikutemee mate ya baraka kama tulivyotemewa sisi. Jicho lako liende karibu. Sikio lako lisichoke. Na Mungu akuwekee karibu mtu wa kukivuta kiondo chako uzi ukiwa bado mbichi.