Kasenga, kwa Kaka Asiyekubaliana na Papa

Nilikwenda Kasenga mwezi wa saba kwa sababu ya ujumbe mfupi wa simu. Kaka yangu Kabamba alikuwa ameandika kwamba hatakuja kwenye upadrisho wa mwanangu Félicien. Félicien alikuwa shemasi, na askofu alikuwa amekwisha kupanga siku ya kumpa daraja ya upadri hapa Lubumbashi, mwezi wa nane. Kabamba ndiye mjomba wake. Ndiye aliyemshika mkono na kumfundisha ishara ya msalaba kabla mtoto hajaweza kufunga viatu vyake mwenyewe.

Sababu tuliijua wote nyumbani. Kabamba alikuwa katekista kwa miaka mingi, kisha akaacha parokia kwa ajili ya Papa. Alisema Papa huyu anasifiwa mno na watu wasiosali, na kwamba ameibana Misa ya zamani ya Kilatini wakati mambo mengine anayalegeza. Siku hizi alisali na kikundi kidogo cha Wakatoliki wanaoishika Misa hiyo. Padri wao hutoka mbali, mara moja kila miezi miwili.

Mama yetu anakaa nami Kasungami, pembeni mwa Lubumbashi, na magoti yake hayawezi tena barabara ndefu. Aliniita nikiwa ninatwanga sombe, yaani kisamvu.

"Béa, wende kwa yaya yako," akasema. Yaya ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa kwetu. "Umuone na macho. Mu telefone bantu banasemaka vibaya."

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, nilipanda gari la Mama Chantal, mfanyabiashara wa samaki ninayeimba naye kwaya. Baridi ya Julai ilikuwa kali, nikavaa sweta mbili. Mpaka tulipoyaacha malori ya shaba ya mgodi wa Kinsevere, hatukuona kitu ila vumbi jekundu. Baada ya hapo ulianza msitu, vichuguu vilivyopita urefu wa gari, na magunia ya makaa yamepangwa kando ya barabara yakisubiri wanunuzi.

Nilimweleza Mama Chantal ninakokwenda na kwa nini.

"Miye huyu Papa ninamupenda," akasema huku akikwepa shimo. "Anaongeaka kama muntu."

Nilifurahi. Nami nilimpenda hivyo hivyo, na njia nzima nilipanga kichwani maneno ya kumshinda kaka yangu.

Saa tisa alasiri tuliingia Kasenga. Harufu ya samaki wa kukaushwa ilitupokea kabla hatujauona mto Luapula, na ng'ambo yake Zambia. Kabamba alikuwa uani, amepiga magoti nyuma ya friji la mteja. Alikuwa fundi umeme mgodini mpaka alipostaafu. Sasa anatengeneza mafriji ya wauza samaki. Mke wake alifariki miaka minne iliyopita, na alikuwa amekonda kuliko nilivyomwacha msibani.

"Mama iko namna gani?" akauliza kabla ya kunisalimu vizuri.

"Iko muzima. Magoti tu. Alinituma."

"Ninajua. Kula kwanza."

Alinipikia bukari, ugali wetu, na samaki mwenyewe. Hatukulitaja jambo lile siku hiyo.

Ijumaa asubuhi alinionyesha sebule, ambayo ndiyo kanisa la kikundi chao. Viti alikuwa amevitoa. Altare ilielekea ukutani, vinara sita juu yake, vitambaa vyeupe vimepigwa pasi. Kwenye rafu palikuwa na misale, kitabu cha Misa cha marehemu baba, aliyeimba Kilatini katika kwaya ya kambi ya wafanyakazi wa reli. Kando yake palikuwa na karatasi nyingi zimebanwa pamoja.

Nilitoa maneno yangu ya njiani. Nikamwambia Papa anawajali maskini na wafungwa, na kwamba hata Yesu alikula na wenye dhambi.

"Alikula nabo," Kabamba akajibu. "Kisha akabaambia basirudie zambi. Huyu anakula nabo, banatoka banamupigia makofi, na hakuna ata mumoja anakuya kuungama. Bale banamusifu mu radio, uliona mumoja wabo ku Misa?"

"Bengine batakuya polepole."

"Labda. Lakini shi tuliokuwa mu Misa tangu utoto, shi njo tunagombezwa. Misa ya baba yetu inakuwa kosa. Wee unaona ni haki?"

Akachukua zile karatasi na kuniwekea mapajani. Zilikuwa barua za Papa kwa Kifaransa, zimechapishwa mjini. Kila ukurasa ulikuwa na mistari ya kalamu, nyekundu penye hasira, buluu penye sifa. Buluu haikuwa kidogo.

"Wee unamupenda," akasema. "Ulisoma barua yake ngapi?"

Nilisema kweli: hata moja. Ninalolijua juu ya Papa nimelipata redioni na kwenye picha za simu. Kabamba hakunicheka, na hilo liliniuma zaidi.

Jumamosi, saa nne asubuhi, alikuja mbio Charlotte, binti wa Mzee Mwansa. Mwansa ni seremala wa boti na rafiki mkubwa wa Kabamba. Waliacha parokia pamoja. Mapafu yalikuwa yamemlaza tangu Pasaka.

"Papa Kabamba, baba anaomba padri," akasema, kwa maana kwetu mtu mzima naye huitwa papa. "Anasema ni leo."

Kabamba akampigia simu padri wao. Alikuwa jimbo jingine, safari ya siku mbili. Nyumba ya padri wa parokia iko mwendo wa dakika kumi tu, na kaka yangu alikuwa hajaikaribia kwa miaka miwili. Mara ya mwisho alisimama mbele ya watu wote akamwambia padri huyo, Abbé Sylvain, kwamba anahubiri magazeti.

"Miye nitaenda kumwita," nikasema.

"Hapana. Ni miye nilimutoa Mwansa kule."

Akavaa koti akatoka. Mimi na Charlotte tulimtangulia kwa mgonjwa. Niliogopa mambo mawili: kwamba Kabamba atageuka njiani, au kwamba Abbé atamfungia mlango. Sikujua lipi ni baya zaidi.

Walifika kwa pikipiki ya Abbé, kaka yangu amekaa nyuma na kisanduku cha mafuta matakatifu kifuani. Abbé ni kijana, mfupi, mwenye haraka. Alitutoa nje, akamwungamisha mzee, akatuita tena. Akampaka mafuta, akampa Komunyo, akaanza kufunga kitabu.

"Mon père," Kabamba akamwita padri. "Bado rehema ya saa ya kufa."

Abbé akasimama. Akapekua kitabu, akaona haya kidogo, akaipata. Ni rehema kamili ambayo padri humpa anayekufa kwa mamlaka aliyopewa na Kiti cha Kitume, yaani kiti cha Papa. Akaisoma polepole. Mzee Mwansa hakuwa na pumzi ya kuitikia. Aliyeitikia "Amina" kwa ajili yake ni Kabamba.

Mlangoni Abbé alimshukuru. "Ningesahau," akasema.

"Ata bazee bakubwa banasahau. Wee uko mutoto," Kabamba akajibu, na nadhani hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kuomba msamaha.

Mwansa alifariki mchana ule ule. Tulipokuwa tukirudi nyumbani nikamwuliza kaka yangu rehema ile imetoka kwa nani.

"Ku kiti ya Petro."

"Na nani anakikalia?"

"Yee." Alitembea hatua kadhaa. "Béa, sikusemaka ata siku moja kama si yee. Nilisema anakikalia vibaya. Bantu banasikia ile ya kwanza."

Jumapili alasiri mzee alizikwa. Kabla ya Misa Abbé alikuja uani kwetu kuomba kaka yangu na wenzake waimbe ule wimbo wa Kilatini wa kulisindikiza jeneza, maana yeye haujui.

"Tutaimba," Kabamba akasema. "Lakini mu Misa utamutaja Papa."

"Kila Misa ninamutaja, papa."

"Miye pale nitanyamaza."

"Nyamaza," Abbé akasema. "Lakini ukae."

Akakaa. Jina lilipotajwa nilimtazama kwa pembeni. Aliinamisha kichwa, midomo ikicheza kidogo. Baadaye nikamwuliza alikuwa akisema nini.

"Nilimuombea. Kumuombea si kumusifu."

Jumatatu asubuhi nilirudi na Mama Chantal na vikapu vyake vya samaki. Sikuwa na ahadi yoyote kwamba atakuja kwenye upadrisho. Kabamba alikuwa amesema "nitaona" tu. Njiani Mama Chantal aliniuliza kama nimemshinda. Nikamwambia hapana.

Mwezi wa nane, siku moja kabla ya upadrisho, kaka yangu alishuka getini Kasungami, koti lake limejaa vumbi. Mama alimshika uso kwa mikono miwili. Kesho yake alikaa mstari wa sita. Mwisho wa Misa alipiga magoti yote mawili kwenye sementi, akapokea baraka ya kwanza ya Félicien, akambusu viganja kama desturi ilivyo. Kwenye karamu alirudia kumlaumu Papa kwa sauti, hata mama akaamuru apewe sahani nyingine ili anyamaze.

Nilikwenda Kasenga nikidhani kaka yangu ametoka katika Kanisa na mimi nimebaki ndani. Nilikuta anamsoma Papa kuliko mimi, na anamwombea. Tangu hapo nimesoma barua mbili, polepole, na kamusi ya Kifaransa pembeni. Bado nampenda Baba Mtakatifu. Zipo kurasa ambazo kaka yangu ana haki ya kuzilalamikia, na zipo nyingi zaidi ambazo nadhani anakosea. Jumapili jioni akinipigia simu, huniuliza nimefika ukurasa gani, na ndipo tunaanza kubishana.